Pesa ya Makaa

Ba alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba. Lile lile la kutokea nje, limefungwa vifungo mpaka shingoni, na juu yake ametanda shali ya sufi. Ilikuwa Novemba 2024, saa moja asubuhi, Leicester, Uingereza, bado kiza. Nilipomtolea salamu pumzi yangu ilifuka moshi, mle mle jikoni, kando ya birika. Nikaipapasa hita ya ukutani: baridi kama chuma cha geti.

"Ba, mbona hujawasha?"

Hakunijibu. Alinyanyua kidole akanionyesha kile kidude cheupe kilichosimama dirishani, wanachopewa watu waliofungiwa mita mpya ili waone gesi na umeme waliotumia tangu usiku wa manane. Kilikuwa kimeandika peni tisini na kitu. "Tazama, dikri," akasema. "Mimi hapana gusa kitu bado. Yeye nakula usiku."

Dikri kwa Kigujarati ni binti yangu, na Ba ni mama. Na alichokisema Ba ni kweli tupu. Zile peni ni ada ya kila siku ya kuunganishwa na gesi na umeme, nayo huhesabiwa ikigonga tu saa sita ya usiku, uwe umewasha taa au umelala gizani. Ba hajapata kuikubali ada hiyo. Kwake ni mwizi anayeingia watu wakiwa wamelala.

"Na pesa ya makaa mwaka hii hapana kuja," akaongeza, akaivuta shali. Ndivyo anavyoyaita malipo ya serikali ya kuwasaidia wastaafu kulipia joto la majira ya baridi, Winter Fuel Payment.

Mimi nafanya kazi ya kea, kama tunavyoiita wenyewe tulio huku: kwenda majumbani kwa wazee, kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapikia chai, kukaa nao kidogo saa ikiruhusu. Kwa Ba nilikuwa nakwenda asubuhi tatu kwa wiki, na mlipaji alikuwa mwanawe aliyeko Toronto. Mimi Mzanzibari, yeye Muhindi wa Jinja, Uganda. Kiswahili chake ni cha dukani na jikoni, alichokuwa akisema na watu wa Jinja kabla ya kufukuzwa, na hakijaongezeka neno tangu siku aliyopanda ndege. Kiingereza anakijua, lakini asubuhi, viungo vikimuuma, hutaka Kiswahili.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Ba alikuwa na miaka 27 na mtoto mgongoni. Uingereza iliwapokea watu kama 28,000, na yeye na mumewe wakawekwa kwenye kambi ya Stradishall, uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Suffolk. Baraza la mji wa Leicester lilikuwa limeweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus likiwasihi watu wasije Leicester, mji umejaa. Tangazo likasomwa, na watu wakaja. Ba akakaa kwenye cherehani ya ovaloki, kiwanda cha nguo za kufuma, karibu miaka thelathini. Bahasha ya kwanza ya mshahara alipoifungua ilikuwa tayari imekatwa kodi. Hilo analikumbuka vizuri kuliko hata rangi ya nguo alizoshona.

Nalisema hili mapema kwa sababu, katika mabishano yote niliyoyasikia huku kuhusu wazee na baridi, huzungumzwa kana kwamba mzee ni mtu anayepewa tu. Huyu alitoa kwanza.

Malipo yenyewe, yale Ba aliyoyabatiza pesa ya makaa kwa kukumbuka jiko lake la Jinja, yana umri wa karibu miaka 30. Gordon Brown aliyaanzisha mwaka 1997, alipokuwa Waziri wa Fedha wa serikali ya Labour. Yalianza na pauni 20 kwa nyumba ya mstaafu, 50 kwa maskini zaidi, yakapanda miaka iliyofuata mpaka yakatulia kwenye pauni 200, na 300 kwa nyumba yenye mtu wa miaka 80 au zaidi. Hakuna aliyeulizwa ana nini. Ukifika umri, Novemba au Disemba pesa inaingia benki, basi.

Tarehe 29 Julai 2024, wiki chache baada ya Labour kurudi madarakani, Rachel Reeves, Waziri wa Fedha mpya, alisimama Bungeni akasema serikali iliyopita imemwachia pengo la pauni bilioni 22, na kwa hiyo katika England na Wales malipo hayo yatabaki kwa wale tu wanaopokea Pension Credit, yaani nyongeza wanayopewa wastaafu wa kipato cha chini kabisa, au misaada mingine ya namna hiyo. Serikali ilitarajia kuokoa kama pauni bilioni 1.4 kwa mwaka. Tarehe 10 Septemba upinzani ukajaribu kuuzuia uamuzi ule: kura 228 zikataka uzuiwe, 348 zikaupitisha. Mbunge wa Labour aliyethubutu kupiga kura dhidi ya chama chake alikuwa mmoja, Jon Trickett. Wapokeaji wakatoka zaidi ya milioni 10 wakabaki kama milioni moja na nusu.

Sasa, wazo lenyewe la kuwanyima wenye uwezo si baya. Tajiri wa kupeleka gari lake Ufaransa kila kiangazi hahitaji pauni 200 za gesi, na hakuna mtu katika watu ninaowajua aliyesema anazihitaji. Ubaya ulikuwa kwenye mstari, pale ulipopigwa na jinsi mtu alivyotakiwa kuuvuka.

Jirani yangu mimi, mzungu wa hapa hapa Leicester, alikuwa mwashi. Amejenga kuta mjini humu tangu ujana wake mpaka alipotimiza miaka 66, kazi ya kujitegemea, hakuna kampuni iliyomwekea akiba ya uzeeni. Alichonacho ni pensheni ya serikali peke yake, ile mpya, kamili, maana miaka yake 35 ya michango alishaipita zamani. Mwaka huo wa fedha pensheni hiyo ilikuwa pauni 221.20 kwa wiki. Mstari wa Pension Credit kwa mtu anayeishi peke yake ulikuwa pauni 218.15.

Alivuka kwa pauni tatu na peni tano. Ukizizidisha kwa wiki 52 unapata pauni 158 na senti. Alichonyang'anywa ni 200. Maana yake aliyekuwa chini ya mstari kwa peni moja angeumaliza mwaka akiwa na pesa zaidi kuliko yeye, kwa kama pauni 40, kabla hujahesabu unafuu wa kodi ya kaunsili, yaani kodi ya nyumba inayotozwa na baraza la mji, na mengine yanayofuatana na Pension Credit. Nilimwandikia hesabu hii nyuma ya bahasha, tumesimama kila mtu upande wake wa ua. Akaitazama muda mrefu, akaikunja, akaitia mfukoni. Majira yale ya baridi nikawa namwona asubuhi anakwenda maktaba ya mtaa na gazeti kwapani, anarudi jioni. Hakuwahi kuwa mtu wa maktaba.

Mstari wa namna hii unamwadhibu mtu kwa kuwa na kidogo tu juu ya kidogo, na waliouchora walikuwa na takwimu zote mezani. Novemba hiyo hiyo serikali yenyewe ilitoa makadirio yake: hatua ile ingewasukuma wastaafu 50,000 zaidi kwenye umaskini kwa miaka fulani, na 100,000 kwa miaka mingine. Waliyatoa baada ya kura kupigwa.

Ba yeye alikuwa upande mwingine wa mstari, na hakujua.

Pensheni yake ni ile ya zamani, ya waliostaafu kabla ya Aprili 2016, na kwa sababu ya miaka aliyokaa nyumbani kulea, haikufika hata pauni 190 kwa wiki. Alistahiki Pension Credit bila ubishi wowote. Alikuwa akiistahiki kwa miaka. Hakuwahi kuiomba kwa sababu hakuna aliyemwambia, na alipoambiwa alisema hayo ni ya watu maskini. Serikali ilikadiria wakati ule kwamba nyumba kama 880,000 zilistahiki na haziombi. Nikitaka kuielewa namba hiyo, namfikiria Ba na koti lake, halafu nazihesabu nyumba za mtaa mzima.

Fomu ilikuwa na maswali 243. Mengine hayakuhusu unaruka, lakini hata kuruka ni lazima usome kwanza ujue unaruka nini. Tukaamua kupiga simu. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, mwanawe akiwa hewani kwenye WhatsApp kutoka Toronto ambako bado usiku, ili asije mtu kusema mhudumu anaingilia fedha za mzee. Ba alileta bati la biskuti lenye makaratasi yake: cheti cha kifo cha mumewe, taarifa za benki, stakabadhi za mshahara za kiwandani zilizogeuka rangi ya chai. Tuliweka simu mezani, spika wazi, tukasubiri. Chai ikanyweka, ikapikwa nyingine.

Msichana aliyepokea alikuwa na adabu, na alisoma maswali yake polepole. Una mwenza? Una akiba zaidi ya kiasi hiki? Kuna mtu mwingine anaishi nawe? Ba akijibu moja moja, mikono ameikunja mapajani kama aliye mbele ya hakimu. Halafu likaja swali la mali nje ya nchi.

Ba akaniangalia. Akaweka kiganja juu ya simu, kana kwamba hivyo mtu wa upande wa pili hatasikia.

"Duka ya Jinja," akaninong'oneza. "Nguo yote ilibaki kwa rafu. Niseme?"

Duka lilikuwa la kupanga. Bidhaa ndizo zilizokuwa zao, majora ya vitambaa yaliyoachwa rafuni miaka 52 nyuma na mlango ukafungwa.

"Hapana, Ba. Hiyo usiseme."

Akaondoa kiganja, akamjibu yule msichana kwa Kiingereza safi kwamba hana mali yoyote popote.

Maombi yalipita. Aliongezewa pauni 30 kwa wiki, zaidi kidogo ya 1,500 kwa mwaka, na kwa kuwa tuliwahi kabla ya tarehe 21 Disemba, na pesa ya makaa ikaja. Kisheria malipo ya nyuma hayavuki miezi mitatu. Miaka yote kabla ya hapo, baridi zote alizozipita na koti, hazirudishwi. Sijui nani wa kumlaumu kwa hilo, na labda ndiyo sababu linaniuma zaidi. Sheria imeandikwa kwa namna ambayo asiyejua haki yake huilipia serikali kwa kutojua kwake.

Nina mwenzangu wa kazi, Mkenya wa Kisumu, mama wa watoto watatu. Kuna nyumba ambazo lazima tuingie wawili, kwa hiyo tunapanda gari moja, na mengi ya siasa za nchi hii nimeyajadili naye tukiwa tumefunga mikanda. Yeye aliunga mkono hatua ya Reeves tangu siku ya kwanza, na hoja yake si ya kupuuza.

"Dada, mimi nikipata pauni moja juu ya ile 12,570 isiyotozwa kodi, wananikata peni 20 za kodi ya mapato na peni nane za bima ya taifa. Peni 28. Yule mzee wa Jumanne ana pensheni ya kazini na nyumba mbili za kupangisha, na analipa 20 peke yake. Halafu nimchangie gesi? Mimi ninayezima hita watoto wakishalala?"

Kila neno alilolisema ni sahihi. Aliyefikia umri wa pensheni halipi bima ya taifa hata akiendelea kufanya kazi. Pango la nyumba halitozwi bima ya taifa kabisa, awe mpangishaji ni mzee au kijana. Mshahara, unaotoka mgongoni mwa mtu, ndio unaokatwa mara mbili. Faida ya kuuza hisa ilitozwa asilimia 10 au 20 mpaka Oktoba 2024, ndipo ikapandishwa kufika 18 na 24. Mtu anayelipa kodi ya juu kwenye mshahara hukatwa 40. Nchi hii inaitoza kazi kuliko inavyoitoza mali, na ndani ya gari lile sisi wawili tulikuwa kazi tupu.

Lakini tulipofika kwenye tiba tukaachana. Yeye alisema: kwa hiyo mzee anyimwe. Mimi nikasema: kwa hiyo mzee atozwe, kwa kipimo kile kile unachotozwa wewe. Kumnyima tajiri pauni 200 ukamwachia pango lake litozwe nusu nusu, umemgusa ukucha. Na ili kumnyima hizo 200 umelazimika kumpeleka Ba mbele ya maswali 243. Mamlaka ya kodi tayari inamjua yule mzee wa Jumanne, ina taarifa ya pensheni yake, ya pango lake, ya riba ya benki yake. Yeye haandiki fomu kuthibitisha kwamba ana kitu. Kwa nini Ba athibitishe kwamba hana? Wape wote, kisha aliye nacho achukuliwe kwenye kodi, kimya kimya, mahali ambapo hakuna mtu wa kuona haya.

Mwenzangu aliwasha gari. "Wewe unaongea kama mtu wa kwenu Zanzibar," akasema.

Na kweli ninakotoka pamenifundisha. Mama yangu ni mmoja wa wazee wanaopokea Pensheni Jamii, ambayo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliianza Aprili 2016 kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikaongezwa. Ni fedha kidogo, na mama mwenyewe ndiye wa kwanza kusema. Lakini anakwenda na kitambulisho chake, anapanga foleni na mke wa mwalimu mstaafu mbele yake na mvuvi nyuma yake, na hakuna anayemuuliza mume wake aliacha nini. Nilipomhadithia kwenye simu habari za Ba na maswali yake, alinyamaza kidogo. "Huko kwenu mzee hatoshi kuwa mzee?" akauliza. "Mpaka na umaskini augonge muhuri?"

Sikudai kwamba Zanzibar ina jibu la Leicester. Uingereza ina wastaafu zaidi ya milioni 12 na hesabu zake ni nzito. Ila mamlaka yake ya kodi inajua mapato ya watu kwa undani ambao Unguja hawana, kwa hiyo ina urahisi zaidi, si ugumu zaidi, wa kutoa kwa wote na kurudisha kwa wenye nacho.

Mwishowe ndivyo ilivyokuwa, au karibu na hivyo. Mei 2025 Labour walipigwa vibaya kwenye chaguzi za mitaa, na wabunge wao wakarudi wakisema kila mlango walioubisha waliulizwa habari za baridi ya wazee. Tarehe 21 Mei Waziri Mkuu Keir Starmer akasema Bungeni kwamba wanataka wastaafu zaidi wapate. Tarehe 9 Juni Reeves akatangaza utaratibu mpya: wastaafu wote wa England na Wales watalipwa, kisha mwenye kipato cha zaidi ya pauni 35,000 kwa mwaka atarudisha yote kupitia kodi. Watu kama milioni tisa wabaki nayo. Scotland ina malipo yake yenyewe.

Nilimtumia mwenzangu habari ile nikiwa kituo cha basi. Akanijibu kwa hesabu, maana ndiyo silaha yake: mshahara wa chini wa wakati ule, pauni 12.21 kwa saa, saa 37 na nusu, wiki 52. Jumla pauni 23,800 na kidogo. "Mwenye 34,000 anapewa," akaandika, "na mwenye 23,800 anachangia."

Nimeifikiria sana hesabu ile na siwezi kuipuuza. Ningekuwa mimi ndiye ninayepanga, mstari wa pauni 35,000 ningeushusha taratibu, kila pauni ya ziada irudishe peni kadhaa, badala ya kuwa ukingo ambapo pauni 35,000 unabaki na zote na 35,001 huna hata moja. Ni kosa lile lile la mwashi, limehamishwa tu ghorofa ya juu ambako halimgandishi mtu. Isitoshe mstari unampima mtu mmoja mmoja: mume na mke wenye 34,000 kila mmoja, 68,000 ndani ya nyumba, wanabaki nayo, mjane mwenye 36,000 anarudisha. Lakini kati ya utaratibu unaomlipa kwa makosa mzee mwenye nafasi, na ule unaomkosa Ba, mimi nitauchagua wa kwanza kila siku. Kosa la kwanza kodi inaweza kulirekebisha mwakani. La pili lilishapita ndani ya mifupa yake.

Na kuna kodi zinazomfuata Ba mpaka jikoni bila yeye kuziona. Kwenye gesi na umeme wa nyumbani kuna kodi ya ongezeko la thamani. Haikuwapo kabla ya 1994. Ikaingia kwa asilimia 8, ikashushwa 5 mwaka 1997. Oktoba 2024 bei ya kikomo ya gesi na umeme, inayopangwa na mdhibiti, kwa nyumba ya matumizi ya kawaida ilikuwa pauni 1,717 kwa mwaka, na ndani yake kodi hiyo ilikuwa kama pauni 80. Kwa hiyo kati ya pauni 200 anazopewa kwa ajili ya joto, mzee wa matumizi ya kawaida anairudishia serikali 80 kwa kuwasha joto hilo hilo.

Kodi ya kaunsili ndiyo inayonitoa machozi. England bado inatoza kwa thamani za nyumba za Aprili 1991. Nyumba ya daraja la juu kabisa, iliyokuwa na thamani ya zaidi ya pauni 320,000 wakati ule, hulipa mara tatu tu ya ile ya daraja la chini, iliyokuwa 40,000 au pungufu. Thamani mara nane, kodi mara tatu. Bajeti ya Novemba 2025 imeanza kugusa: kuanzia Aprili 2028 nyumba za zaidi ya pauni milioni mbili zitalipa nyongeza, na kodi ya mapato ya pango na riba itapanda kwa pointi mbili za asilimia Aprili 2027. Mwenzangu alifurahi kusikia ya pango. Bajeti hiyo hiyo imeiacha ile 12,570 isiyotozwa kodi isimame pale pale mpaka 2031, na ilikuwa pale tangu 2021. Pensheni kamili ya serikali, kwa kiwango cha kuanzia Aprili 2026, ni pauni 12,547.60 kwa mwaka. Jirani yangu mwashi amebakiza pauni 22 na peni 40 aguse mstari wa kodi ya mapato, na chochote kitakachoongezwa mwaka unaofuata kitamvusha. Serikali imesema asiye na kipato kingine hatasumbuliwa kwa kiasi kidogo hicho. Natumaini watalisema hilo kwa barua inayoeleweka, siyo kwa fomu.

Lingine ni kuta zenyewe. Nyumba ya Ba ni ya matofali ya tangu zama za Malkia Victoria, ukuta mmoja mnene usio na nafasi katikati ya kujaza kizuia baridi. Joto unaloliwasha saa moja, saa tatu limeshatoka barabarani. Mwashi wetu aliwahi kuniambia, tukiwa pale uani, kwamba nyumba zile zilijengwa kwa watu waliokuwa na makaa kila chumba. Ukimpa mzee pauni 200 kila mwaka kwa miaka 20 bila kumzibia nyumba, pauni 4,000 zimepashia joto mtaa. Hili linataka makala yake lenyewe na sitaliingia leo.

Disemba 2025 nilimkuta Ba amekaa sebuleni, koti limetundikwa nyuma ya mlango, sweta tu mwilini. Mapajani alikuwa na bahasha ya kahawia ya serikali. Miaka yake 80 ilitimia Machi, kwa hiyo safari hii ni pauni 300. Aliitaka niisome kwa sauti, mara mbili, na ya pili akanisimamisha kwenye namba.

Kidude cha dirishani kilikuwa kimeandika pauni moja na peni sitini. Hakukitazama nilipokuwa pale, au alikitazama nikiwa bafuni namwandalia maji.

Nilipokuwa namvisha soksi aliniuliza: "Na wewe, dikri, makaa yako nakuja lini?"

Nikamwambia kwa umri wangu sheria inasema miaka 68. Nina 41.

Ba huhesabu kwa pingili za vidole, kidole gumba kikipanda pingili moja baada ya nyingine, tatu kila kidole, kama walivyofundishwa wao. Alianza na mkono wa kulia, akaumaliza, akahamia wa kushoto. Alipofika mwisho wa vidole zilikuwa bado tatu. Akarudi kwenye kidole kidogo cha kulia, akaendelea.